Upawa, futari na sauti ya redio: kwa nini dada na kaka wanaikumbuka tofauti Aprili 12, 1984

Swali hili limetoka kwa dada mmoja mkazi wa Ngamiani, Tanga, aliyezaliwa mwaka 1973. Anaeleza kwamba siku iliyotangazwa kuwa Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine amefariki kwa ajali ya gari, yeye alikuwa na umri wa miaka 11, ameketi juu ya mkeka uani kwao, Barabara ya 9. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kusikika, wamekwisha kufungua kwa tende, na watoto wa jirani walikuwa wakipita na sahani zilizofunikwa kawa, kupelekeana futari. Marehemu mama yake alikuwa akichota uji kwa upawa. Redio iliyokuwa juu ya kabati la vyombo ikakatiza kipindi, sauti ya Mwalimu Nyerere ikasikika, na mkono wa mama ukasimama hewani huku uji ukichirizika kurudi sufuriani. Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, anasema kwamba hayo hayakutokea: wiki hiyo familia nzima ilikuwa Pangani kwenye arobaini ya babu yao, na habari waliipata Ijumaa baada ya swala, kwa wazee waliokuwa barazani. Ndugu hawa walibishana mbele ya wajukuu siku ya hitima ya mama yao, hadi sauti zikapanda. Dada anauliza: inawezekanaje mtu akione kitu waziwazi namna hii, kisha kisiwe kweli? Na je, mmoja wao ameanza kupoteza kumbukumbu?

Dada yangu, pole kwa kufiwa na mama, Mungu amrehemu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimesimama pale kwenye upawa. Jibu langu la kwanza ni la kukutuliza: hakuna dalili yoyote katika barua yako kwamba wewe au kaka yako mnapoteza kumbukumbu, na hakuna anayedanganya kati yenu. La pili huenda likakuuma kidogo. Jioni unayoieleza, kwa namna unavyoieleza, haiwezi kuwa ya Aprili 12, 1984, na kinachoikataa ni ile futari. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, ndani ya mwezi wa Rajabu. Ramadhani ya mwaka ule iliandama karibu na tarehe 1 Juni, wiki saba baadaye. Nilijiuliza kama mama yenu alikuwa na ada ya kufunga sunna siku za Alhamisi, kama walivyo akina mama wengi wa pwani yetu, lakini barua yako haimwelezi mtu mmoja anayefungua saumu yake kimya kimya. Inaeleza nyumba nzima, pamoja na mtoto wa miaka 11, na mtaa mzima unaopelekeana sahani. Hiyo ni Ramadhani.

Nimeanza na kalenda kwa sababu ndiyo shahidi pekee katika shauri hili asiyekuwa na hisia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Ulric Neisser, aliwahi kujikuta mahali ulipo wewe leo. Kwa miaka mingi alikumbuka kwamba Desemba 7, 1941, siku Japani iliposhambulia bandari ya Pearl Harbor, yeye akiwa mtoto, alikuwa amekaa sebuleni akisikiliza mchezo wa besiboli redioni, matangazo yakakatizwa kwa habari za shambulio, naye akakimbia kumwambia mama yake. Aliibeba picha hiyo hadi utu uzima bila kuitilia shaka, mpaka siku moja alipozinduka kwamba nchini Marekani hakuna mchezo wa besiboli unaotangazwa mwezi Desemba, kwani msimu wake huwa umekwisha. Mtu aliyeifanya kumbukumbu kuwa kazi yake ya maisha alikuwa na futari yake mwenyewe ndani ya mwezi wa Rajabu. Naomba ukishike kisa hiki, kwa sababu kina mwisho ambao nitaurudia tutakapofika Pangani.

Wataalamu wameanza zamani kuwauliza watu walikuwa wapi walipopata habari kubwa. Mwaka 1899 mtafiti aitwaye Colegrove alichapisha majibu ya watu 179 aliowauliza walikuwa wapi waliposikia kuwa Rais Abraham Lincoln amepigwa risasi, jambo lililotokea mwaka 1865, zaidi ya miaka 30 nyuma. Watu 127 kati yao waliweza kumpa maelezo kamili: mahali, saa, aliyewaambia, hata kazi waliyokuwa nayo mkononi. Majibu hayo yalistaajabisha sana, na kwa muda mrefu watu walichukulia kwamba jibu lenye undani ni jibu la kweli. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Roger Brown na James Kulik, walizipa kumbukumbu za namna hii jina lililotokana na taa ya kamera, ile flashi inayomulika mara moja na kuacha picha nzima, pamoja na vitu visivyokuwa na maana vilivyokuwa karibu. Mimi huziita kumbukumbu za mmweko. Walipendekeza kwamba mshtuko wa habari huufanya ubongo upige chapa hapo hapo, na kwamba chapa hiyo hukaa bila kubadilika.

Utaona jinsi maelezo yao yanavyofanana na hali yako. Walisema mwenye kumbukumbu ya mmweko hueleza mahali alipokuwa, shughuli aliyokuwa akiifanya, aliyemletea habari, alivyojisikia yeye, walivyojisikia waliomzunguka, na yaliyofuata baadaye. Wewe umenipa karibu yote, na upawa juu yake. Kosa lao lilikuwa moja tu, lakini kubwa: waliwauliza watu mara moja, miaka mingi baada ya tukio, wala hawakuwa na kitu cha kulinganisha na majibu hayo.

Kitu hicho kilipatikana mwaka 1986. Januari 28 ya mwaka huo chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwamo, mmoja wao mwalimu wa shule, walifariki mbele ya macho ya wanafunzi waliokuwa wakitazama. Kesho yake asubuhi Neisser, pamoja na mwenzake Nicole Harsch, waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, karatasi ya maswali: ulisikiaje habari hii, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa ukifanya nini, ilikuwa saa ngapi. Karatasi zikafungiwa. Baada ya miaka kama miwili na nusu waliwapata 44 kati ya wale wanafunzi na kuwauliza maswali yale yale. Ni watatu tu waliotoa majibu yaliyolingana kikamilifu na walichoandika wenyewe siku ya pili ya tukio. Kumi na mmoja, yaani robo nzima, hawakupata hata jambo moja kati ya mambo yaliyopimwa. Hata hivyo, walipoulizwa wana uhakika kiasi gani, wengi walijibu kwamba wana uhakika mkubwa, wakiwamo waliokosea yote.

Jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko takwimu hizo ni lililotokea wanafunzi hao walipoonyeshwa karatasi zao. Waliutambua mwandiko wao, wakasoma maneno yao wenyewe, na bado kumbukumbu ile ya mwanzo haikurudi. Haikuwa imejificha mahali ikingoja kuamshwa. Mahali pake palikuwa na kumbukumbu nyingine, iliyo hai na yenye rangi, wasiyoweza kuacha kuiona. Kwa hiyo ukiniuliza kama utaacha kuuona upawa baada ya kusoma jibu hili, sidhani kama utaacha, wala hulazimiki kujaribu.

Waliposhambuliwa Wamarekani Septemba 11, 2001, watafiti walijiandaa vizuri zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Jennifer Talarico na David Rubin waliwauliza wanafunzi 54, siku moja tu baada ya shambulio, mambo mawili: walisikiaje habari hiyo, na jambo lolote la kawaida la siku zile za karibu, kama sherehe au mchezo. Walipowarudia baada ya wiki na miezi, walikuta kwamba usahihi wa kumbukumbu zote mbili umepungua kwa kiasi kilekile. Kilichotofautiana ni imani. Katika jambo la kawaida, mtu alikubali kwamba amesahau, lakini katika habari kubwa aliendelea kuona picha kali na kuiamini. Utafiti mwingine mkubwa, ulioongozwa na William Hirst kwa miaka kumi, ulionyesha kwamba makosa mengi huingia ndani ya mwaka wa kwanza, kisha hutulia, na mtu huendelea kulisimulia kosa lake lile lile kwa uthabiti. Wapo wanaodhani kwamba tunaweza kusahau mahali lakini hatuwezi kusahau uchungu tuliousikia. Ukweli ni kinyume chake: hisia za siku ile ndizo zilizokumbukwa vibaya zaidi, kwa sababu mtu huzikumbuka kwa kuzipima na anavyolihisi jambo hilo leo.

Sasa ni lazima nieleze makosa haya hutoka wapi, kwa maana hayatoki hewani. Katika maelezo yote niliyoyasoma, lililonisaidia zaidi katika kazi yangu ya kukusanya masimulizi ya wazee hapa Tanga ni la mtaalamu William Brewer. Yeye anasema kwamba mara nyingi mtu anayekosea anakumbuka jambo lililotokea kweli, ila amelichukua kutoka saa nyingine. Habari kubwa haisikiki mara moja. Unaisikia kwa jirani, unaisikia redioni, unaisimulia nyumbani, unaisikia tena kesho yake sokoni, na miaka ikipita unaisikia kila tarehe hiyo inaporudi. Kila mara ina mahali pake, watu wake na vyombo vyake. Kati ya hizo zote, akili huchagua ile iliyokuwa na uzito zaidi au iliyosimuliwa zaidi, na kuiweka kwenye kiti cha ile ya kwanza. Wale wanafunzi wa Atlanta walifanya hivyo: siku ya pili ni kama mmoja kati ya watano aliyesema kuwa alianza kuipata habari kwa televisheni, lakini baada ya miaka miwili na nusu walikuwa karibu nusu. Televisheni waliitazama kweli, ila walikuwa wamekwisha kusikia kwanza darasani au njiani.

Hilo limenipata mimi mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipofariki London, Alhamisi ya Oktoba 14, 1999, nilikuwa mwalimu kijana Muheza, na mwisho wa wiki huo nilikuwa nimepanga kuja mjini. Kwa miaka kumi na mitano nilisimulia, bila kusitasita, kwamba habari niliipata barazani hapo Ngamiani kwa muuza kahawa, aliyekuwa ameinamisha mdila kunimiminia, kisha vikombe alivyokuwa akivigonganisha mkononi vikanyamaza, naye akasema, "Mzee ametuacha." Nilimwona akifuta jicho kwa kisigino cha kiganja, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshika vikombe. Baadaye, nilipokuwa nikipanga vitabu, niliipata shajara yangu ya mwaka ule. Ukurasa wa siku hiyo unasema kwamba asubuhi mkuu wa shule alituita walimu katika chumba cha walimu, redio ikiwa mezani, tukamsikia Rais Benjamin Mkapa akitangaza, wanafunzi wakakusanywa mstarini, na bendera ikashushwa nusu mlingoti. Muuza kahawa yumo katika ukurasa wa Jumamosi, siku mbili baadaye, wakati redio ilipokuwa haipigi kitu ila nyimbo za maombolezo. Chumba cha walimu sikikumbuki hata kidogo. Nimesoma mwandiko wangu na bado ninachokiona ni mdila. Nadhani najua sababu: mstarini nilikuwa mwalimu mwenye kazi ya kuwatuliza watoto wa watu, na barazani ndipo nilipofiwa.

Kwa kipimo hicho, turudi uani kwenu. Kama picha yako ina Ramadhani ndani yake na sauti ya Mwalimu Nyerere ndani yake, je, kuna jioni ya kweli ambayo mambo hayo mawili yangeweza kukutana? Ipo, tena zaidi ya moja. Kifo cha Sokoine hukumbukwa kila Aprili 12, na ile sauti ya Mwalimu akilitangazia taifa imerudiwa redioni mara nyingi. Sasa tazama mwezi unavyotembea: kwa kuwa mwaka wa Kiislamu una upungufu wa siku kama 11, Ramadhani iliyoandama Juni mwaka 1984 ilikuwa imerudi nyuma hadi Aprili ilipofika mwaka 1989. Aprili 12 ya mwaka 1989, ya 1990 na ya 1991 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Wewe ulikuwa na miaka 16 hadi 18, umri ambao watu wengi hubeba kumbukumbu zao nyingi kuliko umri mwingine wowote, na bila shaka ulikuwa uani ukimsaidia mama kuandaa futari. Yamkini moja ya jioni hizo redio ilirudia ile sauti, mama akashtuka kama alivyoshtuka mara ya kwanza, na upawa ukasimama. Ikiwa ndivyo, umekiona kweli ulichokiona, kikiwa kimechelewa miaka mitano hadi saba.

Hata hivyo, kuna uwezekano wa pili, na nakiri kwamba ndio ninaoutegemea zaidi, ingawa unategemea kitu ambacho ninyi wawili tu mnaweza kukipata. Nilikuahidi mwisho wa kisa cha Neisser. Miaka michache baada ya yeye kuandika kwamba kumbukumbu yake haiwezekani, wataalamu wengine wawili waliifuatilia siku ile ya mwaka 1941, wakakuta kwamba kulikuwa na mchezo kweli uliokuwa ukitangazwa saa hizo: mpira wa miguu wa Kimarekani, kati ya timu mbili za New York ambazo majina yao, Giants na Dodgers, yalikuwa pia majina ya timu za besiboli za mji huo huo. Mtoto alisikia mchezo, alisikia majina hayo, na mtu mzima akauvika mchezo ule vazi la besiboli, mchezo aliouzoea na kuupenda. Sehemu kubwa ya kumbukumbu yake ilikuwa sahihi, na kilichokosewa ni jina la mchezo.

Basi fikiria arobaini ya babu, Pangani, jioni ya Alhamisi, ambayo kwa desturi yetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa na ndiyo jioni wengi wanayoichagua kusoma hitima. Wanaume na vijana wakubwa wako mbele, ukumbini au chini ya turubali, juzuu zimegawanywa, na hapo hakuna redio. Wanawake na watoto wako uani. Mikeka imetandikwa, masufuria makubwa yako mekoni, mama yenu ameshika upawa kwa sababu yeye ni mkwe na mkwe hakai kitako siku hiyo, adhana ya magharibi inasikika, na sahani zilizofunikwa kawa zinapita kutoka nyumba hii kwenda ile. Nyuma ya ua kuna redio ya jirani. Mtoto wa miaka 11 akiikumbuka jioni hiyo baada ya miaka arobaini, akikumbuka mikeka, uji, magharibi na sahani za kupelekeana, ataiita nini? Ataiita futari, kwa maana jioni nyingi za namna hiyo alizoziona maishani zilikuwa futari. Na redio, kwa kuwa redio aliyoizoea ilikaa juu ya kabati la kwao, itapanda yenyewe juu ya kabati hilo. Kaka yako, aliyekuwa na miaka 15 na pengine amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wanaume, angekuwa mbele akisoma, na habari ingemfikia kesho yake barazani. Kwa hesabu hiyo kila mmoja wenu angekuwa anaikumbuka nyumba ile ile kutoka mlango wake.

Naomba usiyachukue haya kama hukumu kwamba kaka yako ndiye aliyeshinda. Maelezo yake yanakubaliana na kalenda, lakini simulizi kukubaliana na kalenda ni jambo moja, na kuthibitishwa nayo ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na hadithi isiyo na kasoro na bado akawa ameichukua kwa wengine. Oktoba 1992 ndege ya mizigo iliangukia majengo ya makazi katika mji wa Amsterdam. Miezi kumi baadaye watafiti wa Uholanzi waliwauliza watu kama waliiona televisheni ikionyesha ndege ile inavyoyagonga majengo, na zaidi ya nusu wakajibu kwamba waliiona. Filamu hiyo haikuwahi kuwapo. Hapa kwetu nimewahi kusimuliwa na mtu mwenye akili timamu jinsi alivyomwona Mwalimu Nyerere kwenye televisheni, sebuleni kwake Tanga, akitangaza kifo cha Sokoine mwaka 1984, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Hata tukio la juzi halikusalimika. Machi 2021 Samia Suluhu Hassan, akiwa bado Makamu wa Rais, alikuwa katika ziara mkoani kwetu wiki ile ile aliyotangaza, usiku wa Machi 17, kwamba Rais John Magufuli amefariki. Nimekutana na watu waliomwona mchana katika ziara hiyo na waliomsikia usiku kwenye televisheni, ambao sasa wanasema walilisikia tangazo wakiwa wamesimama mbele yake.

Kuna jambo la nyumbani pia ambalo wataalamu wa Atlanta hawakulipima. Katika familia zetu kumbukumbu ina mwenyewe. Kaka mkubwa akisimulia, wadogo hunyamaza, na simulizi lililosemwa mara nyingi bila kupingwa huwa la nyumba nzima, hata kwa walioona tofauti. Wewe hukunyamaza, na kwa kazi yangu mimi nashukuru kwamba hukunyamaza. Laiti ungenyamaza, upawa ungepotea.

Sijapenda pia barua yako ilivyojishtaki mwishoni, kana kwamba kukosea futari ni kuikosea siku nzima. Yale yaliyo kiini umeyashika. Sokoine alifariki alasiri ya siku ile kwa ajali eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, na aliyelitangazia taifa kwa redio alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mshtuko hufanya kazi hivyo: homoni za mwili wakati wa hofu au huzuni husaidia kiini cha jambo kishike, na mara nyingi hukiacha kilicho pembeni kikiwa hafifu, na pembeni ndipo mikono ya miaka inayofuata inapopita.

Wala si ajabu kwamba mtoto wa miaka 11 wa Ngamiani aishike habari hiyo. Brown na Kulik waliwauliza Wamarekani weupe 40 na weusi 40 kuhusu kuuawa kwa Martin Luther King. Weusi 30 walikuwa na kumbukumbu ya mmweko, na weupe 13. Habari hukaa kwa yule ambaye ilimgusa maisha yake. Ninyi mlikuwa watoto wa foleni. Mwaka 1983 na 1984 mama alikuwa akiamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya sukari, sabuni ilikatwa vipande, na Sokoine ndiye aliyekuwa ametangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wazima wana maoni yao mbalimbali kuhusu vita vile, lakini kwa mama aliyesimama foleni, kifo chake kiliingia hadi jikoni. Inawezekana kabisa kwamba mkono ulisimama.

Sasa la kufanya. Msikutane kwanza kulizungumza. Kila mmoja achukue karatasi yake, aandike peke yake, kabla ya kumpigia mwenzake simu: nani alikuwapo, mlilala wapi usiku ule, kulikuwa na mwanga wa umeme au wa chemli, mlirudi Tanga siku gani na kwa usafiri gani, shangazi gani alilia kwa sauti. Andikeni pia yale msiyoyaona, kwa maana mahali penye pengo husaidia kama mahali penye picha. Baada ya hapo ndipo mlinganishe, na msilinganishe wakiwapo watu wengi, kwa sababu mbele ya watu kila mmoja hulinda neno lake.

Kisha utafuteni msahafu wa babu. Katika nyumba nyingi za Pangani na Tanga ukurasa wa nyuma wa msahafu ndio daftari la ukoo, humo huandikwa waliozaliwa na waliofariki, mara nyingi kwa tarehe za Kiislamu na pengine kwa herufi za Kiarabu, hivyo mwombeni mwalimu wa madrasa awasomee. Kama arobaini ilikuwa Alhamisi au Ijumaa ile, babu atakuwa amefariki mwanzoni mwa Machi 1984, tarehe 3 au 4 au karibu na hapo, ambayo kwa hesabu ya Kiislamu ni mwanzo wa mwezi unaotangulia Rajabu, yaani Jumada ya pili ya mwaka 1404. Mkikuta tarehe ya namna hiyo, Pangani imesimama, na upawa wako una nafasi yake uani. Mkikuta babu alifariki mwaka mwingine kabisa, basi ni kaka yako atakayelazimika kuitafuta Ijumaa yake upya, nawe rudi kwenye Ramadhani za mwaka 1989, 1990 na 1991.

Usipoupata msahafu, tafuta mwanamke yeyote wa upande wa Pangani aliyekuwa uani siku hiyo na bado yu hai, umuulize bila kumwonyesha jibu. Usimwambie habari za uji. Muulize tu nani alikuwa mekoni, na kama kulikuwa na redio karibu, ilikuwa ya nani. Ukimkuta, niandikie alichosema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na hizo karatasi mbili, yako na ya kaka.